Mzee Kimosop na Kilomita Kumi na Tano za Kwanza

Leo, Alhamisi tarehe 27 Novemba 2025, Mzee Elphas Chebii Kimosop anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Kambi ya Riadha ya Kapsoiyet kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa Novemba 1994 kama mlinzi wa lango. Barua yake ya kustaafu inasema anaondoka akiwa "msaidizi wa mazoezi, daraja la tatu." Nimeiandika barua hiyo kwa mikono yangu na bado inanikera. Ofisi ilinipa mimi, karani wa kambi, ukurasa mmoja wa wasifu wake katika ratiba hii ya sherehe. Nimezidisha. Mashine ya kuchapisha iko mezani kwangu.

Kazi yake ilikuwa moja, na kila mwanariadha aliyewahi kulala katika mabweni yetu anaijua. Alhamisi ni siku ya mbio ndefu, kilomita thelathini na nane. Kilomita kumi na tano za kwanza zinatoka lango letu hadi mashine ya posho ya Kaptarit, pale wanaposaga mahindi, barabara ya murram, changarawe nyekundu, inayopanda kidogo kidogo bila kukuonyesha kwamba inapanda. Zilizobaki zinaingia msituni, zinapanda mlima wa Tamboiyo bila haya yoyote, kisha zinazunguka kurudi nyumbani. Kumi na tano za kwanza ni za Mzee Kimosop. Anakuwa mbele, polepole, na hakuna anayempita. Akifika mashine ya posho anatoka barabarani upande wa kushoto, anainua mkono, na hapo kila mtu anakwenda na nguvu zake. Yeye anakunywa chai kwa mwenye mashine na kurudi kwa bodaboda.

Ukimpita kabla ya hapo, unaosha masufuria ya ugali ya kambi nzima kwa wiki moja. Sheria hii haikuandikwa popote na haijawahi kuvunjwa. Mwaka 2003 bingwa mmoja aliyetoka kushinda marathoni ya ng'ambo alimpita kwa nusu kiatu, akajitetea kwamba alikuwa anakwepa shimo. Aliosha. Picha yake ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti wiki ile ile, na mikono yake ilikuwa imejaa ukoko hadi kwenye viwiko.

Wageni huuliza Mzee alikuwa anapima mwendo kwa kutumia nini, maana hajawahi kuvaa saa. Alipima kwa maswali. Anakimbia mbele, hageuki, anaita jina lako na kukuuliza jana ulikula nini. Ukijibu "ugali" umeshindwa. Anataka sentensi nzima, yenye kichwa na miguu: jana nilikula ugali na mboga ya managu, nikaongezewa maziwa ya mursik kikombe kimoja, nikalala. Ukiweza kuyasema hayo yote bila kukata pumzi katikati, mwendo ni wako. Ukikata, anapunguza, na watu arobaini wanapunguza pamoja naye kwa sababu yako. Kwa njia hiyo alijua ng'ombe wa nani amezaa, nani amegombana na shemeji yake, na nani anamwandikia nani barua. Ndoa mbili za kambi hii zilizungumzwa njiani kabla wazazi hawajasikia chochote.

Nimepiga hesabu. Alhamisi arobaini na nane kwa mwaka, ukiondoa likizo yake, kwa miaka thelathini na mmoja, ni zaidi ya kilomita elfu ishirini na mbili. Zote akiwa mbele, zote polepole. Nani mwingine katika nchi hii amekaa mbele muda mrefu hivyo?

Hakuzaliwa na subira. Mwaka 1989, akiwa na miaka ishirini na minne, alikimbia majaribio ya mbio za nyika, kilomita kumi na mbili. Alitoka kama mtu aliyefukuzwa. Kwa kilomita tisa hakuna aliyemwona isipokuwa mgongo. Watu walipanda juu ya malori wakimwita jina. Alimaliza wa sabini na moja, akitambaa mita za mwisho, na msuli wa paja la kulia haukupona tena kiasi cha kumrudisha mashindanoni. Alinisimulia mara moja tu, akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. "Rodah, walinishangilia mpaka nikaanguka," aliniambia. "Hakuna hata mmoja aliyesema, wewe, punguza."

Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku juu, na tuliseme leo wageni wakiwa wameketi. Tunageuza kila mazoezi kuwa mashindano. Mtu akisikia wakala wa mbio za ng'ambo amesimama kando ya barabara, anasahau kwamba mbio zake ziko miezi mitatu mbele. Anazikimbia asubuhi hiyo hiyo, pale pale kwenye vumbi, ili aonekane. Nimewaona wengi waliokuwa moto Alhamisi na siku ya mashindano yenyewe wako hospitalini na barafu kwenye kifundo. Mzee alikuwa ukuta kati yetu na ugonjwa huo.

Januari mwaka huu tulipata mkurugenzi mpya, Bwana Hosea Tallam, ambaye ninamheshimu na ambaye anaketi leo meza kuu. Alikuja na mambo mengi mazuri: vitanda vipya, choo cha maji, maziwa hayakatiki. Alikuja pia na gari lenye saa kubwa juu ya paa, namba nyekundu zinazoonekana kutoka mbali. Alitaka gari hilo liongoze mbio za Alhamisi kuanzia hatua ya kwanza, kwa kasi, kamera ikiwa nyuma ikipiga picha za wafadhili. Mara ya kwanza kumwona Mzee akiongoza, alisimama langoni na kusema kwa sauti, "Hii ni mazoezi ama ni matanga?" Watu walicheka. Mzee naye alicheka, akaendelea.

Mwezi wa Agosti ukaja waraka. Alhamisi tarehe 14 gari litaongoza. Atakayepita mashine ya posho baada ya dakika hamsini na sita atafungasha na kuondoka kambini. Mzee Kimosop apumzike siku hiyo. Waraka ulisema unawahusu wote, lakini hata kuku wa jikoni walijua unamhusu nani.

Naomi Jebiwott alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alikuwa amerudi mazoezini baada ya kuzaa mapacha, akawaacha kwa mama yake Jumatatu hadi Ijumaa, na kila Jumatatu alikuwa anaingia langoni macho yamevimba. Mkataba wake ulikuwa unaisha. Akitolewa kambini wakati ule, hakuna kambi nyingine ambayo ingempokea, na mbio zake zilikuwa zimekwisha. Tatizo lake lilikuwa moja: woga wa kuonekana amebaki nyuma. Mara mbili tangu arudi, Mzee akishainua mkono tu pale Kaptarit, alikuwa anatoka mbio kama anaiba, na mara zote mbili tulimwokota kilomita ya ishirini na tano, ameketi kwenye majani, miguu haimtii. Mkurugenzi alimwona mara ya pili. Ndipo ukaja waraka.

Asubuhi ile ya Agosti mimi nilikuwa nyuma, kwenye bodaboda inayobeba maji ya wanariadha, kwa hiyo ninachoandika nilikiona. Gari liliwashwa saa kumi na mbili na robo, saa juu ya paa ikaanza kuhesabu. Mzee Kimosop akatoka kwenye kibanda cha lango amevaa kaptula yake ya kijani. Hakuzuia gari wala hakuita mtu. Alianza kukimbia mwendo wake wa siku zote, nyuma ya gari, na gari likamwacha.

Hapo wanariadha arobaini wakabaki wakitazamana. Sita walilifuata gari, wakiongozwa na Festus Kibor, mtu mwenye kifua kipana na maneno machache. Waliobaki thelathini na wanne walijipanga nyuma ya Mzee, na Jebiwott alikuwa mmoja wao, ingawa nilimwona akilitazama gari mpaka likapinda kona.

Kilomita ya nne alishindwa kuvumilia. Akasogea karibu na bega la Mzee.

"Mzee, dakika zinaisha."

"Mapacha walilala saa ngapi Jumapili?"

"Mzee, tafadhali!"

"Nimeuliza watoto."

"Walilala saa mbili, Kulwa huyu mkubwa akaamka akilia, nikambeba mpaka akanyamaza, nikamrudisha kwa mwenzake. Haya, nimejibu! Twende sasa!"

Niseme hapa kwamba Kulwa si jina la kwetu. Baba yao alifanya kazi Mwanza, ambako pacha wa kwanza huitwa hivyo, na akarudi nalo. Mzee alilipenda sana jina hilo.

"Hiyo ni sentensi safi," alisema. "Una pumzi. Kaa hapo hapo."

"Nina pumzi ndiyo maana nataka kwenda! Nikifukuzwa leo, wewe utaenda nyumbani na pensheni yako. Mimi nitaenda na nini?"

Nilitaka kufunga masikio. Hakuna aliyewahi kumsemesha Mzee hivyo, na ukweli ni kwamba Jebiwott alikuwa na haki. Mzee hakugeuka, lakini sauti yake ilibadilika.

"Utaenda na miguu. Mara mbili umeniletea hiyo miguu imekufa kwenye majani. Mkurugenzi anataka kukuona kilomita ya kumi na tano. Mimi nataka kukuona ya thelathini na nane. Barabara ni pana, mama. Ukitaka kunipita leo, pita. Hutaosha sufuria hata moja."

Barabara ilikuwa pana kweli. Jebiwott alikuwa analia huku anakimbia, pua inatoka, na miguu yake ilikuwa inawasha kwa hamu ya kwenda. Kilomita ya sita alikuwa bado yuko pale. Ya tisa yuko pale. Kina dada wawili wakamsogelea, mmoja kila upande, na mmoja wao akaanza kumwuliza habari za mapacha, meno yalitoka lini, nani mtundu kuliko mwenzake, na yeye akawa anajibu sentensi nzima nzima kwa hasira.

Tulifika mashine ya posho kwa saa moja na dakika kumi na mbili. Mkurugenzi alikuwa amesimama barabarani na karatasi.

"Mlikuwa wapi? Mlipitia sokoni?"

"Tumefika, Mkurugenzi," Mzee alisema. "Andika."

"Wote mmeanguka! Wote! Thelathini na wanne!"

"Andika basi. Majina unayajua."

Akatoka barabarani upande wa kushoto, akainua mkono. Sijawahi kusikia mlio kama ule wa viatu. Walikwenda.

Nitoe haki kwa kila mtu. Festus Kibor alilifuata gari hadi mwisho na ndiye aliyemaliza wa kwanza siku ile, na Mzee alimpa mkono mbele ya wote. Yeye ana kifua cha kazi hiyo. Wenzake watano Tamboiyo iliwakunja. Watatu walirudi kwa bodaboda, na wawili walirudi ndani ya gari lenyewe, saa nyekundu ikiendelea kuhesabu juu ya vichwa vyao. Jebiwott alipanda Tamboiyo akiwapita watu. Kilomita ishirini na tatu za mwisho alizikimbia kwa dakika themanini na sita, na hakuna mwanamke aliyekuwa karibu naye. Alipoingia langoni alikuwa na nguvu za kumtukana Kibor, aliyekuwa amesimama pale, kwa kumziba njia.

Mchana orodha ya walioanguka ilibandikwa ubaoni. Baada ya chakula Mkurugenzi alipima mambo upya. Kati ya wale thelathini na wanne kulikuwa na mabingwa wanne, na kambi haiwezi kufukuza mabingwa. Akaniambia niandike kwamba thelathini na watatu wamesamehewa. Jebiwott ataondoka, ili awe mfano. Mzee apewe barua ya onyo.

Niliandika. Ndiyo kazi yangu, na nakiri kwamba mkono wangu ulifanya kazi huku moyo umekataa. Mzee alipoletewa barua ya onyo alivaa miwani, akaisoma, na mahali pa maoni ya mfanyakazi akaandika: "Nimesoma polepole, nimeelewa." Iko kwenye faili yake hadi leo.

Saa tisa alasiri Jebiwott alitoka bwenini na begi lake, akaliweka langoni, akaketi juu yake kusubiri gari la kwenda kwao. Dada aliyekuwa akimwuliza habari za meno asubuhi akatoka na lake, akaliweka kando ya lile. Kisha wakatoka wavulana wa chumba cha pili. Kisha mabingwa. Hakuna aliyepiga kelele wala kuimba. Mabegi thelathini na manne yalipangwa langoni, na wenyewe wakaketi juu yake wakinyoosha miguu kama kawaida ya baada ya mbio ndefu. Wa mwisho kutoka alikuwa Kibor, na begi lake begani.

"Wewe ulipita," Mkurugenzi alimwambia kutoka barazani. "Unaenda wapi wewe?"

"Nilipita, ndiyo," Kibor alisema. "Lakini kesho nitakimbia na nani? Na gari?"

Akaketi. Yalikuwa mabegi thelathini na matano.

Mkurugenzi alisimama barazani hadi chai ikaiva. Ninamheshimu kwa hili: hakuita polisi, hakutisha mtu, alisimama tu akifikiri, na mtu anayefikiri ana nafasi ya kuwa mkurugenzi mzuri. Mwishowe akaniambia, kwa sauti ya chini, niondoe ile orodha ubaoni. Niliiondoa. Niliichana vipande vidogo sana.

Mwezi uliopita tulibanana ukumbini mbele ya televisheni kumtazama Jebiwott katika marathoni yake ya kwanza tangu azae. Kilomita ya kumi alikuwa wa kumi na tisa, na mtangazaji akasema huyu mama amechoka mapema. Tulimzomea yule mtangazaji mpaka vioo vikatetemeka. Mzee peke yake hakuzomea. Alikuwa ameinamia magoti yake, mikono imeshikana, midomo ikitembea, na nilipomkaribia nikasikia anauliza maswali. Jebiwott alimaliza wa tatu. Mzee alitoka nje na akakaa huko kwa muda, nasi tukamwacha.

Basi huyo ndiye msaidizi wa mazoezi, daraja la tatu. Anarudi Kapkoros kwa mkewe, Mama Salome, kwa ng'ombe wake wanne na shamba la viazi ambalo amekuwa akilihurumia kwa mbali miaka yote hii. Ofisi haijamteua mtu wa kushika nafasi yake. Nimesikia kwamba gari lenye saa limeoshwa na kujazwa mafuta.

Sasa, waheshimiwa wageni, kuna jambo dogo kuhusu ratiba. Ofisi ilipanga sherehe hii ianze saa mbili kamili asubuhi, Alhamisi, jambo ambalo maana yake leo kusingekuwa na mbio ndefu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994. Labda ilisahauliwa. Wanariadha walikaa jana jioni wakaliamua wenyewe. Wametoka saa kumi na mbili na robo, wote arobaini, na Mzee Kimosop yuko pamoja nao. Jebiwott yuko mbele, amechaguliwa na wenzake. Mzee hataishia Kaptarit leo. Anakwenda zote thelathini na nane, Tamboiyo ikiwemo, na miaka yake sitini, na hakuna atakayemwacha nyuma hata hatua moja. Nimepiga hesabu: watafika saa nne kasoro dakika kumi, kama hawatasimama kusalimiana na watu, na watasimama.

Ndiyo maana viti vile vya katikati viko wazi. Chai iko kwenye birika kubwa, mandazi na mayai viko chini ya kitambaa cheupe, na mgeni rasmi ameombwa radhi kwa maandishi. Mkurugenzi, usitafute ufunguo wa gari. Ninao mfukoni, na mimi niko nyuma yao kwenye bodaboda ya maji. Nikirudi nitaiandika mwenyewe barua yangu ya onyo.

Mzee Kimosop, asante kwa kila asubuhi uliyotunyima haraka. Asante kwa miguu ambayo bado inatembea kwa sababu ulikaa mbele yake. Tunakuombea uzee mrefu, viazi vikubwa, na majirani wanaojibu sentensi nzima. Na ninyi mlioketi hapo, msitupigie simu. Tunakuja.

Rodah Chemweno, Karani wa Kambi